Ngamia wa Barabara ya Kumi na Mbili

Daftari ni la madeni ya duka. Tumeligeuza miguu juu,
tukaianza safari kwa kurasa za nyuma.
Mafuta, lita arobaini: Tunu kaandika,
akazungushia duara kama mwalimu aliyeona kosa.
Maji ya rejeta. Tairi la akiba
(la Hizza, mchoyo yule, aombwe mapema).
Mayai ya kuchemsha, kumi na mawili.
Chumvi usiandike, akasema Sechambo,
huko tuendako chumvi wanailima.

Sisi watu wa Ngamiani
hatujapata kumwona ngamia.
Mtaa ulibaki na jina, wenyewe wakenda zao,
nasi tukapewa namba, ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja,
kama wafungwa,
kama kurasa.

Njia ni mbili. Tunu anataka lami:
Segera, Mkata, upinde Msata, ufike kiuno kizima.
Sechambo anataka ya chini, Pangani na kivuko chake,
Mkwaja, kisha vumbi.
"Na gari likizima Saadani,
utamwomba tembo akusukumie?"
Gari lenyewe la shemeji yangu Mhando:
mlango wa kushoto hufunguliwa kwa nje tu,
na ukipinda kulia, honi hulia yenyewe.

Chanzo ni kijana mmoja, mchongaji,
aliyeingia dukani kununua vanishi.
Bagamoyo, alisema, kwenye vichochoro vile,
mtu huchora picha, huitundika ukutani,
huenda kula, hurudi.
"Inauza nini?" akauliza Sechambo.
Haiuzi kitu.
"Na chini yake? Namba ya simu?"
Hamna.

Usiku ule hakulala. Tunu, dadaye, alimsikia akihesabu:
dawa ya mbu, saluni za kike, kuku wa kukaanga,
mng'oa meno wa Barabara ya Tisa,
kampuni ya simu iliyokufa kabla ukuta haujakauka,
nyuso za wagombea, walioshinda na walioshindwa,
wote kawapa meno yaleyale.
Miaka arobaini. Na chini ya kila kitu, namba.

Nami usinitafsirie jina la mji ule.
Nimetafsiriwa mpaka limechuja kama khanga ya jikoni.
Siendi kubwaga chochote.
Naenda kushika usukani,
na kuiona Nunge, mabwawa ya chumvi yaliyokauka,
weupe, kijana alisema, wa kukufumba macho,
jangwa dogo la kuazima.
Miwani ya jua, tatu. Tunu akakata: mbili.
Dereva akunje uso.

Ijumaa tuliyoipanga, injini ikaunguza gasketi.
Tukasogeza: baada ya Maulidi.
Baada ya mahindi.
Vuli ikaingia, Hizza akalichukua tairi lake.

Jana nafungua duka, gari lipo barazani,
na kwenye mlango wa kushoto, ule mkaidi,
kasimama ngamia.
Shingo ya twiga aliyejuta,
magoti ya fundi wa vigae,
nundu imekaa upande kidogo, kama kofia ya mlevi.
Rangi ni yangu, kahawia, naijua.
Herufi hata moja. Namba hakuna.

Kufikia adhuhuri watu wamejaa.
"Anauza nini huyu?" kauliza mama wa mihogo.
"Maziwa," kajibu wa bajaji, kwa hakika kabisa.
Mtoto mmoja akagusa kwato, akatoka na kahawia kidoleni,
akaifuta kwenye sare ya shule.
Sechambo ng'ambo ya barabara, brashi mfukoni,
anajifanya anasoma bango lake mwenyewe la zamani.

Nikafungua daftari upande wa madeni,
nikalitafuta jina lake: kopo moja, kahawia.
Kalamu ikasita.
Nikaligeuza miguu juu,
nikaandika chini ya mayai.